Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: S. An-sky, Tamthilia ya Dibuki na Jukwaa la Kiyidishi

Anayesoma sanaa za maonyesho hukutana na jina la An-sky mapema au baadaye, na mara nyingi hukutana nalo katika mstari mmoja tu: "mwandishi wa Dibuki". Mstari huo haumtoshi. Kabla ya kuandika tamthilia hiyo, mtu huyu alizunguka vijijini akiuliza watu maswali, akanasa nyimbo zao, akapiga picha malango ya makaburi yao. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi kumhusu yeye na jukwaa alilolitumikia. Baadhi ya majibu ni marefu, maana hapo ndipo utamu ulipo.

An-sky alikuwa nani hasa?

Jina alilozaliwa nalo ni Shloyme Zanvl Rappoport. Alizaliwa mwaka 1863 huko Chashniki, akakulia Vitebsk, katika Belarusi ya leo, nchi hiyo ikiwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Alisomeshwa Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa sheria na mafundisho ya marabi, kama watoto wengine wa Kiyahudi. Alipofika ujanani akaanza kusoma vitabu vya kidunia kwa siri pamoja na rafiki yake Chaim Zhitlowsky, na mwisho akaiacha njia ya wazee wake.

Akaenda kuishi na wachimba migodi wa Donbas. Akawasomea vitabu, akachunguza ni nini watu wasio na shule hupenda kusoma na kusikiliza, akaandika kuhusu hilo kwa Kirusi. Mnamo miaka ya 1890 alihamia Paris, akawa katibu wa mwanamapinduzi wa Kirusi Pyotr Lavrov hadi Lavrov alipofariki mwaka 1900. Mwaka 1902 alitunga "Di Shvue", wimbo uliokuja kuwa wa chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi, Bund. Alirudi Urusi mwaka 1905.

Kilichomrudisha kwa watu wake mwenyewe ni usomaji. Aliposoma hadithi za Y. L. Peretz, mwandishi wa Kiyidishi, mwanzoni mwa karne ya 20, aligundua kwamba lugha ya mama yake, aliyoiona ni ya sokoni, inaweza kubeba fasihi nzito. Alikuwa na umri wa karibu miaka 40. Kuanzia hapo nguvu zake zote zikaelekea huko.

Kiyidishi ni lugha gani?

Ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki. Mifupa yake ni ya Kijerumani, lakini ina maneno mengi ya Kiebrania na Kiaramu, na mengine mengi ya Kislavoni, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili: sisi tunajua lugha ya Kibantu iliyojaa maneno ya Kiarabu na iliyoandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilizungumzwa na watu wapatao milioni 11. Wengi wa Wayahudi waliouawa na Wanazi walikuwa wasemaji wake.

Jukwaa la Kiyidishi lilianzia wapi?

Kwa karne nyingi lilikuwa la mara moja kwa mwaka. Katika sikukuu ya Purim vijana walivaa maleba, wakapita nyumba kwa nyumba wakiigiza kisa cha malkia Esta, wakapewa chakula, kinywaji na senti chache. Nje ya siku hiyo viongozi wa dini hawakupenda uigizaji.

Jukwaa la kulipia tiketi huhesabiwa kuanzia mwaka 1876, katika mji wa Iași, Romania, wakati Abraham Goldfaden alipowachukua waimbaji waliokuwa wakiburudisha wateja katika bustani ya mvinyo na kuziunganisha nyimbo zao kwa mazungumzo na kisa. Mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1883 serikali ya Urusi ikapiga marufuku maonyesho ya Kiyidishi, na waigizaji wengi wakatawanyika: London, Paris, na hasa New York, ambako mtaa wa Second Avenue baadaye ukawa na kumbi kubwa za Kiyidishi. Huko Jacob Gordin alimhamishia Mfalme Lear wa Shakespeare katika nyumba ya tajiri wa Kiyahudi mwaka 1892, na mwigizaji Jacob Adler akawaliza watu.

Lakini jukwaa hilo lilikuwa na jina baya pia: shundi, yaani takataka. Michezo ya haraka, machozi ya bure, nyimbo za kuchekesha zilizoingizwa popote. Kizazi cha An-sky kilitaka jukwaa la sanaa, na ugomvi kati ya makundi haya mawili ndio ulioizaa hadhira ya Dibuki. Mimi siwadharau wa shundi hata kidogo. Waliwafundisha watu kukaa ukumbini.

Kwa nini anaitwa msomi-msanii, si mwandishi tu?

Kwa sababu kwake utafiti na sanaa vilikuwa kazi moja. Mwaka 1908 alichapisha makala kuhusu ubunifu wa watu wa Kiyahudi. Hoja yake ilikuwa nzito: Wayahudi wana Torati iliyoandikwa, na wana Torati simulizi ya marabi, lakini ngano, methali, nyimbo, hirizi na desturi za watu wa kawaida nazo ni Torati simulizi, iliyotungwa na umma wenyewe, kizazi baada ya kizazi. Akasema pia kwamba katika ngano za mataifa mengine shujaa hushinda kwa nguvu ya mwili, na katika ngano za Kiyahudi hushinda kwa nguvu ya roho.

Ukiitazama fasihi simulizi hivyo, huwezi kuikusanya kama mtu anayekusanya vipepeo. Unakuwa na wajibu wa kuirudisha kwa wenyewe ikiwa hai. Ndiyo maana aliamini kuwa vijana waliosoma, walioona aibu kwa nyumba za nyanya zao, wangepata humo malighafi ya sanaa mpya: muziki, uchoraji na tamthilia.

Msafara wa utafiti ulifanya nini?

Ulianza kiangazi cha mwaka 1912 na kukatizwa na vita mwaka 1914. Fedha nyingi zilitoka kwa Baron Vladimir Günzburg, na msafara ukapewa jina la baba yake, Baron Horace Günzburg. Walizunguka mikoa ya Volhynia, Podolia na Kyiv, katika Ukraine ya leo, wakapita katika miji midogo ipatayo 70. Mji mdogo wa namna hiyo huitwa shtetli: sinagogi, soko, bafu la kutawadha, makaburi, na nyumba za mbao zilizobanana.

Pamoja naye alikuwapo mwanamuziki Joel Engel, mtafiti wa nyimbo Zusman Kiselgof, na kijana mchoraji Solomon Yudovin aliyebeba kamera. Walibeba pia fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Fikiria mzee wa miaka 80, hajawahi kuona mashine yoyote inayosema, anaimba mbele ya pembe ya bati, kisha anasikia sauti yake ikimrudia.

Kazi haikuwa rahisi. Wageni waliovaa kama watu wa mjini, wenye daftari na mashine, walishukiwa haraka: ni wapelelezi? Ni watu wa kodi? An-sky, mwenye ndevu, aliyekuwa anakijua Kiyidishi cha nyumbani, aliketi na wazee kwenye nyumba ya kusomea Torati, akaanza yeye kusimulia. Hilo ni somo kwa kila mtafiti wa fasihi simulizi. Anayetaka ngano aje na ngano yake.

Walichokusanya kinashangaza: picha zipatazo 2,000, ngano na visasili vipatavyo 1,800, nyimbo 1,500, silinda za nta 500, na vitu 700 hivi vya makumbusho, kuanzia mapazia ya sinagogi hadi hirizi za kumlinda mzazi.

Vita vilipoanza, An-sky alirudi eneo hilohilo na Galicia, jimbo jirani lililokuwa la Austria, safari hii akiwa mtoaji misaada, mwenye kuvaa sare. Aliona miji aliyoizuru au ya kufanana nayo ikiwa imechomwa, watu wakifukuzwa kwa mikokoteni, vitabu vitakatifu vikikanyagwa matopeni. Aliandika kumbukumbu ndefu kuhusu uharibifu wa Galicia. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu alikuwa ameuandika ulimwengu mmoja mara mbili: kwanza ukiimba, halafu ukiwaka moto.

Dibuki ni nini? Ni jini au pepo?

Hili ndilo swali la kwanza la wasomaji wa Kiswahili, na ni zuri. Dibuki si jini. Jini ni kiumbe wa aina yake, hakuwahi kuwa mtu. Dibuki ni roho ya mtu aliyekufa, isiyopata pumziko kwa sababu ya dhambi au haki iliyodhulumiwa, ikaingia katika mwili wa mtu aliye hai. Neno lenyewe, la Kiebrania, linatokana na mzizi wenye maana ya kuambatana, kugandana. Kwa hiyo "mzimu" ni karibu zaidi, ingawa mzimu wetu ni wa ukoo na huenziwa, na dibuki ni wa kufukuzwa.

Anayeijua ngoma ya kupunga pepo atazitambua hatua nyingi. Mganga humuuliza pepo jina lake na anataka nini, na pepo hujibu kwa kinywa cha kiti wake. Rabi naye huuliza: wewe ni nani, umekuja kwa nini, kwa nini hutoki? Tofauti ni hii. Pepo wa ngoma mara nyingi hupatanishwa, hupewa anachotaka, akakubaliana na kiti wake waishi pamoja. Dibuki hushurutishwa kutoka kwa laana na kutengwa na jamaa ya waumini, mbele ya watu kumi, kwa baragumu za pembe za kondoo. Anayeitafsiri tamthilia hii kwa Kiswahili akiandika "pepo" moja kwa moja ataleta jukwaani hukumu ambayo mtunzi hakuiweka. Ningeacha neno dibuki lilivyo, na kuruhusu wahusika walieleze.

Kisa chenyewe kinaendaje?

Khonen ni mwanafunzi maskini wa Torati katika mji wa Brinits. Anampenda Leah, binti wa tajiri Sender, na Leah anampenda. Sender anatafuta mkwe mwenye mali. Khonen anafunga, anazama katika vitabu vya siri vya Kabala akitafuta namna ya kuigeuza hatima. Siku Sender anaporudi na kutangaza kuwa uchumba wa Leah na mtu mwingine umekamilika, Khonen anaanguka sinagogini akiwa maiti.

Siku ya harusi, kwa desturi, maskini wa mji wanalishwa, na bibi harusi hucheza nao. Wanamzungusha Leah, mmoja baada ya mwingine, vilema, vikongwe, wenye njaa, mpaka anazimia. Kisha anakwenda makaburini kumwalika mama yake marehemu harusini, nayo ni desturi ya kweli. Anamwalika na Khonen. Chini ya mwavuli wa ndoa anamsukuma bwana harusi, na kutoka kinywani mwake inatoka sauti ya kiume: amerudi kwa mchumba aliyeandikiwa, na hatamwacha.

Wanampeleka Miropolye kwa Rabi Azriel, mzee mwenye karama ambaye moyoni ana shaka kama nguvu bado anazo. Hapo kisa kinageuka. Rabi wa mji anaota mara tatu kwamba marehemu Nissen, baba yake Khonen, anamshitaki Sender. Wanaitisha baraza la hukumu, aliye hai upande mmoja, marehemu nyuma ya pazia. Ukweli unatoka: zamani, Nissen na Sender, wakiwa vijana na marafiki, walipeana mkono kwamba watoto wao wataoana. Nissen akafa. Sender akatajirika, akaacha kuuliza habari za mtoto wa rafiki yake. Baraza linaamua Sender atoe nusu ya mali yake kwa maskini na kuwaombea marehemu hao wawili kila mwaka. Marehemu hajibu "amina". Kila aliyemo ukumbini anaelewa maana ya kimya hicho.

Dibuki anatolewa kwa nguvu. Rabi anamchorea Leah duara la kumlinda na kwenda kumlaki bwana harusi aliyechelewa. Akiwa peke yake, Leah anasikia sauti ya Khonen. Anatoka kwenye duara kwa miguu yake.

Kwa miaka mingi nilimwona Leah kama binti aliyetwaliwa: na baba, na roho, na marabi. Sasa naisoma hatua hiyo moja tofauti. Katika tamthilia nzima, ni jambo pekee ambalo hakuna mtu aliyemwamulia.

Ni kiasi gani cha tamthilia kimetoka katika utafiti?

Kingi sana, na hapo ndipo sifa na lawama zote zinapotoka. Kaburi la bibi na bwana harusi katikati ya mji, waliouawa chini ya mwavuli wa ndoa wakati wa mauaji yaliyofanywa na waasi wa Khmelnytsky, kiongozi wa Wakosaki, mwaka 1648, ni simulizi ambayo msafara uliikuta katika miji zaidi ya mmoja. Karamu ya maskini, kualika marehemu, kesi kati ya hai na wafu, mishumaa myeusi, visa vinavyosimuliwa na wanafunzi wavivu katika tendo la kwanza: vyote vina mizizi katika yale aliyoyasikia na kuyasoma. Hata tuni za onyesho la Moscow, nitakalolieleza hapa chini, zilitungwa na Engel yuleyule aliyekuwa msafarani.

Mshairi Hayim Nahman Bialik, ambaye ndiye aliyeitafsiri kwa Kiebrania, alimwona An-sky kama mtu aliyepekua majalala akaokota vipande vya ngano na kuvishona pamoja, mfano wa fundi cherehani ashonaye nguo kwa mabaki ya vitambaa. Huko Tel Aviv mwaka 1926 hata iliandaliwa kesi ya hadhara ya kuijadili tamthilia hii, watu wakiishitaki na kuitetea.

Nadhani Bialik aliona sawasawa na kuhukumu vibaya. Ndiyo, ni nguo ya viraka. Lakini kila kiraka kilitoka mwilini mwa mtu, na mshono ni wa An-sky. Katika vitabu vya mtafiti, kesi ya mfu na aliye hai ni desturi namba fulani. Jukwaani, akiiweka mbele ya baba aliyesahau ahadi yake, inakuwa swali kuhusu matajiri na maskini, na kuhusu nini walio hai wanadaiwa na waliotangulia. Hakuna daftari linaloweza kufanya hivyo.

Iliandikwa kwa lugha gani kwanza?

Kirusi. Alitamani ichezwe na jukwaa kubwa la Moscow, akampelekea Stanislavski, mwongozaji maarufu wa huko, na inasimuliwa kuwa ni kwa ushauri wake ndipo akaingia yule Mjumbe, msafiri wa ajabu anayejua kila kitu kabla hakijatokea. Akaiandika pia kwa Kiyidishi. Bialik akaitoa kwa Kiebrania mwaka 1918. Baada ya mapinduzi, An-sky alikimbilia Vilna (Vilnius ya leo), na nakala ya Kiyidishi ikapotea njiani. Ikambidi airudishe kwa Kiyidishi kutoka katika Kiebrania cha Bialik. Jina lake lingine ni "Kati ya Dunia Mbili", na historia ya maandishi yenyewe imeishi kati ya lugha tatu.

Onyesho la kwanza lilikuwaje?

An-sky hakuliona. Alifariki tarehe 8 Novemba 1920. Kundi la Vilna, lililoanza wakati wa utawala wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza kwa nia ya kuleta jukwaa la sanaa kwa Kiyidishi, liliazimia kuionyesha mwishoni mwa siku 30 za matanga yake. Tarehe 9 Desemba 1920, katika ukumbi wa Elizeum mjini Warsaw, pazia likafunguliwa. Mwongozaji alikuwa David Herman, mtu aliyetoka katika familia ya Kihasidi, yaani ya Wayahudi wacha Mungu wanaofuata marabi wenye karama, na aliyeijua sala ya Kihasidi tangu utotoni. Miriam Orleska alicheza Leah, Abraham Morevsky alicheza Rabi Azriel, na Noah Nakhbush alikuwa Mjumbe.

Onyesho lililotengenezwa liwe la kumuaga mwenzao likageuka ushindi mkubwa kuliko yote ya kundi hilo. Miongoni mwa watu waliorudi mara ya pili na ya tatu walikuwamo Wapolandi wasiojua Kiyidishi. Kundi likalibeba kote Ulaya na hadi Marekani.

Onyesho la Vakhtangov lilitofautiana vipi?

Yevgeny Vakhtangov aliliongoza kwa Kiebrania na kundi la Habima, Moscow, tarehe 31 Januari 1922. Hakukijua Kiebrania. Natan Altman alichora mapambo ya kupindapinda, nyuso za waigizaji zikapakwa rangi kama vinyago, na ngoma ya maskini ikawa ya kutisha: mikono kama makucha, migongo iliyopinda, njaa yenyewe ikimzunguka binti wa tajiri. Herman alitafuta ibada. Vakhtangov alitafuta hasira. Hanna Rovina, aliyecheza Leah na nywele zake mbili ndefu zilizosukwa, alibaki na sura hiyo katika kumbukumbu za watu maisha yake yote. Vakhtangov alifariki miezi michache baadaye. Habima waliondoka Urusi mwaka 1926, wakahamia Palestina, na wakaendelea kuicheza kwa miaka mingi.

Kuna filamu?

Ipo, ya mwaka 1937, kwa Kiyidishi, iliyotengenezwa Poland na mwongozaji Michał Waszyński. Mmoja wa walioiandika ni Alter Kacyzne, mwanafunzi wa An-sky na mpiga picha hodari. Lili Liliana na Leon Liebgold waliigiza Leah na Khonen, na nje ya filamu wakaoana. Judith Berg alibuni ngoma, akacheza mwenyewe sehemu ya mauti katika karamu ya maskini. Itazame sehemu hiyo hata kama huna muda wa filamu nzima.

Kacyzne aliuawa Tarnopol mwaka 1941.

Je, An-sky alikuwa peke yake katika kuunganisha usomi na jukwaa?

Hapana, ingawa yeye ndiye anayejulikana zaidi. Yitskhok Schiper, mwanahistoria wa Poland, aliandika miaka ya 1920 historia ya sanaa ya jukwaa ya Wayahudi katika juzuu kadhaa. Alifia kambi ya Wanazi ya Majdanek mwaka 1943. Michał Weichert alisomea jukwaa Berlin, akarudi Warsaw, akaanzisha kundi la vijana lililoonyesha mwaka 1933 mchezo kuhusu kesi ya Sacco na Vanzetti, wahamiaji wawili wa Kiitalia waliohukumiwa kifo Marekani, hadhira ikikaa katikati ya matukio. Zalmen Zylbercweig alitumia maisha yake kukusanya kamusi ya watu wa jukwaa la Kiyidishi, juzuu sita, kati ya mwaka 1931 na 1969. Waigizaji wengi wadogo, wa miji midogo, wamebaki na kumbukumbu katika kamusi hiyo tu.

Kwa nini taaluma ya utendaji inaijali Dibuki kiasi hiki?

Kwa sababu inauliza swali lililo moyoni mwa taaluma hiyo: sauti ya mtu asiyekuwapo inaingiaje katika mwili wa mtu aliyepo? Kila mwigizaji hufanya hivyo. Leah anayezungumza kwa sauti ya Khonen ni picha ya uigizaji wenyewe. Na kila mwongozaji hulazimika kuamua kwa vitendo: mwigizaji wa Leah abadilishe sauti, au mwigizaji wa Khonen aseme akiwa gizani? Uamuzi wa kwanza unaiweka roho ndani ya mwanamke. Wa pili unamfanya mwanamke chombo. Ukitaka kuifundisha tamthilia hii darasani, anza na jambo hilo. Wape wanafunzi ukurasa mmoja na wajaribu njia zote mbili kabla hujawaeleza nadharia yoyote.

Baada ya mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, swali liliongezeka uzito. Shtetli ya Dibuki haipo tena. Anayeicheza leo, kwa lugha yoyote, anawaazima mwili watu waliokwisha kuuawa. Ndiyo maana waongozaji wa Poland, Andrzej Wajda mwaka 1988 na Krzysztof Warlikowski mwaka 2003, waliirudia wakiwa na mizigo ya nchi yao. Huko Marekani, Leonard Bernstein na Jerome Robbins waliifanya dansi ya baleti mwaka 1974.

Jukwaa la Kiyidishi lipo bado?

Lipo. Kundi la Folksbiene la New York limekuwapo tangu mwaka 1915. Mwaka 2018 lilionyesha kwa Kiyidishi "Fiddler on the Roof", mchezo wa nyimbo kuhusu maisha ya shtetli, chini ya uongozi wa Joel Grey, na watu wakajaa kwa miezi. Warsaw nayo ina jukwaa la Kiyahudi lenye jina la waigizaji wawili, Ester Rachel Kamińska na binti yake Ida. Wanaojifunza Kiyidishi vyuoni ni wengi kuliko unavyodhani, na baadhi yao hawana asili ya Kiyahudi.

Yaliyokusanywa na msafara yako wapi leo?

Yametawanyika. Vitu vingi viko katika Jumba la Makumbusho la Ethnografia ya Urusi, St. Petersburg. Silinda za nta ziko Kyiv, katika Maktaba ya Taifa ya Vernadsky, na mkusanyiko huo wa muziki uliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Zimehamishiwa katika mfumo wa kisasa na nyingine zimetolewa kwa umma. Zisikilize kwa visikio vya masikioni, usiku. Kwanza utasikia mkwaruzo tu, kama mvua juu ya bati, halafu ndani ya mvua hiyo mtu anaimba.

Nimesikia kuhusu maswali yake 2,087. Ni nini hayo?

Ni dodoso. Mwaka 1914 An-sky na vijana wake, chini ya uhariri wa mwanaethnografia Lev Shternberg, walichapa kitabu cha maswali tu, kwa Kiyidishi, chenye kichwa "Mtu". Kinaanza kabla mtoto hajazaliwa: mjamzito hutazama nini, huepuka nini. Kinapita utoto, shule, uchumba, harusi, ndoa, uzee, ugonjwa. Kinaingia kaburini na kuendelea: wafu hukusanyika wapi, husali saa ngapi, huja kwa walio hai kwa sababu zipi. Nakala zilikusudiwa kupelekwa katika miji ambayo msafara usingeweza kuifika, ili wenyeji wajibu wenyewe. Juzuu ya pili, ya Sabato na sikukuu, ilikuwa kwenye mpango.

Vita vilianza mwaka huohuo, na majibu hayakukusanywa. Anayekifungua kitabu hicho sasa hukuta ukurasa baada ya ukurasa wa maswali, mengine ya kina kiasi kwamba swali lenyewe limeshataja nusu ya desturi. Yaliyo kuhusu wafu wanaorudi yapo karibu na mwisho.